Tusiishie Kuweka Kivuli: Alama za Karatasi Zisomwazo na Mashine na Wajibu wa Shule Zetu

Mwanafunzi yeyote aliyefanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi katika Tanzania Bara tangu mwaka 2012 amekwisha kuzungumza na mashine kwa penseli. Mwaka huo Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kusahihisha mtihani huo kwa mashine zisomazo alama, na watahiniwa wakapewa fomu ambazo walimu wamezizoea kwa jina la fomu za OMR. Mtoto wa Kibara, kando ya Ghuba ya Speke katika Wilaya ya Bunda, alipewa karatasi ya namna ile ile aliyopewa mwenzake wa Dar es Salaam. Wote wawili waliagizwa waweke kivuli juu ya herufi ya jibu walilolichagua, watumie penseli ya HB, wafute kabisa wanapobadili jibu, wala wasiikunje karatasi.

Maagizo hayo yalitiiwa. Lakini ni watoto wangapi walioelezwa sababu zake? Kwa nini penseli itakiwe, na kalamu ya wino ikataliwe? Vile vijisanduku vyeusi vilivyopangwa ukingoni mwa karatasi ni vya nini? Mashine ikikutana na vivuli viwili katika swali moja hufanya nini? Aghalabu mwalimu mwenyewe hakuwa na jibu, kwa kuwa naye aliletewa fomu pamoja na maagizo, bila maelezo.

Katika makala haya nitatoa hoja moja. Alama zilizochapwa kwenye karatasi ili zisomwe na mashine zimeenea nchini mwetu kuliko kompyuta yenyewe. Zipo kwenye fomu za mtihani, kwenye paketi za majani ya chai, kwenye risiti na kwenye stempu za kodi. Elimu iliyomo ndani yake ni hisabati na fizikia ya sekondari, na yaweza kufundishwa kwa penseli, rula na karatasi katika shule ambayo haina kompyuta hata moja. Pamoja na hayo, shule zetu zinawafundisha vijana kuzijaza alama hizo na kuzipiga picha kwa simu, basi. Naamini kuwa hilo ni kosa, na ni kosa tunaloweza kulirekebisha wenyewe.

Aliyeanza alikuwa mwalimu

Historia ya karatasi ya kuweka kivuli ingepasa kuwapa moyo walimu wetu, kwa maana aliyebuni mashine mashuhuri ya kusahihisha alama za penseli alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari. Jina lake lilikuwa Reynold Johnson, wa jimbo la Michigan, Marekani. Katika miaka ya 1930 alitafuta njia ya kuwapunguzia walimu mzigo wa kusahihisha. Alijua kwamba kiini cha penseli hutengenezwa kwa grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kwamba grafaiti, ingawa si metali, hupitisha umeme. Inasimuliwa kuwa alipokuwa kijana alizichora kwa penseli plagi za magari ya vijana waliokuja kuwaposa dada zake. Cheche zikapotea njia na magari yakakataa kuwaka.

Utundu ule ukazaa mashine. Johnson aliitengeneza ili ipitishe umeme katika sehemu za karatasi zilizochorwa, na kwa kuupima umeme wote uliopita ikatoa alama alizostahili mtahiniwa. Kampuni ya IBM ilimwajiri, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaanza kuisambaza mashine hiyo kwa jina la IBM 805. Mwalimu huyo ndiye aliyekuja kuongoza kikundi kilichobuni diski ya kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta, ambayo ilitangazwa mwaka 1956.

Mashine zilizofuata ziliacha kupitisha umeme katika alama, zikaanza kuzimulika. Karatasi nyeupe huurudisha mwanga, na grafaiti huunyonya. Mashine hupima tofauti ya hizo mbili. Nyingi hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Hapa kuna jambo la kuvutia: wino wa kalamu nyingi, hata ukiwa mweusi machoni petu, huupitisha mwanga huo kana kwamba karatasi haikuandikwa kitu. Grafaiti haiupitishi. Hiyo ndiyo sababu ya penseli. Vijisanduku vya ukingoni, navyo, huiarifu mashine imefika mstari wa ngapi. Karatasi ikikunjwa, hesabu ya mistari inaweza kuvurugika na jibu la swali la 14 likahesabiwa kuwa la swali la 15. Na alama iliyofutwa nusunusu hubaki kijivu, ikailazimisha mashine iamue kama inachokiona ni jibu au ni uchafu.

Mambo hayo matatu yangeweza kuelezwa kwa dakika kumi tu ubaoni. Mtoto aliyeyaelewa hatayasahau katika chumba cha mtihani, wala hatakuwa na haja ya kuyakariri kama amri.

Matumizi ya fomu hizo hayakuishia shuleni. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililoanza kuandikishwa mwaka 2004, lilitumia fomu za aina hiyo hiyo, hadi Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoingiza mwaka 2015 mfumo wa kuchukua alama za vidole kwa kompyuta. Kwa zaidi ya miaka kumi, basi, haki ya raia ya kupiga kura ilipitia katika vijisanduku vilivyojazwa kwa mkono.

Hesabu iliyofichwa katika mistari ya dukani

Tutoke sasa darasani, twende dukani. Katika duka lolote la Kibara, paketi ya chumvi, sabuni au majani ya chai inaweza kuwa na mistari myeusi iliyosimama, mingine minene na mingine myembamba, na chini yake tarakimu 13. Huo ni msimbomilia, ambao wafanyabiashara huuita bakodi. Wazo lake la awali ni la Wamarekani wawili, Joseph Woodland na Bernard Silver, walioomba hataza mwaka 1949 na kuipata mwaka 1952. Woodland alilipata wazo hilo ufukoni, alipochora mchangani kwa vidole nukta na vistari vya Morse alivyojifunza katika chama cha maskauti, kisha akaviburuta kuelekea chini vikawa mistari mirefu. Hata hivyo ilibidi kungoja zaidi ya miaka ishirini, mpaka tarehe 26 Juni 1974, ndipo bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa aina tunayoijua leo ilipopitishwa mbele ya mashine dukani: pakiti ya ubani wa kutafuna, katika mji wa Troy, Ohio.

Mistari ile haina siri. Upana wote umegawanywa katika vipande 95 vilivyo sawa, kila kipande kikiwa cheusi au cheupe. Vipande 3 vya mwanzo, 5 vya katikati na 3 vya mwisho ni vya kuiongoza mashine. Vinabaki 84, na kila tarakimu hupewa vipande 7; kwa hiyo tarakimu zinazochorwa ni 12. Mwanafunzi makini atauliza: je, ile ya kumi na tatu iko wapi? Haikuchorwa. Tarakimu ya kwanza hutambuliwa kutokana na mtindo uliotumiwa kuzichora zile sita zinazoifuata, kwa kuwa kila moja yaweza kuchorwa kwa mtindo mmoja kati ya miwili. Namba za Tanzania huanza na 620 na za Kenya huanza na 616. Kwa hiyo ile 6 ya mwanzo, ambayo jicho letu huisoma chini ya mistari, haina mstari wake hata mmoja.

Kabla ya kuanzishwa kwa GS1 Tanzania mwaka 2011, wazalishaji wetu waliotaka kuuza bidhaa zao katika maduka makubwa walitegemea namba zilizotolewa na taasisi za nchi nyingine. Mzalishaji alilipia huduma hiyo nje, na bidhaa ya jasho la Mtanzania ikasomeka kwa namba ya kigeni. Hapa inafaa kuonya: 620 huonyesha kwamba kampuni ilisajiliwa Tanzania. Haithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa Tanzania. Wananchi wengi huichukua kuwa ni hati ya asili ya bidhaa, na hapo ndipo wanapoanza kudanganyika.

Tarakimu ya mwisho ndiyo inayostahili kipindi kizima cha hisabati. Inaitwa tarakimu ya uhakiki, na hupatikana kutokana na zile 12 zinazoitangulia. Tuchukue namba ya kubuni: 6 2 0 1 2 3 4 5 6 7 8 9. Jumlisha tarakimu zilizo katika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6 + 0 + 2 + 4 + 6 + 8 = 26. Jumlisha zilizo katika nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 2 + 1 + 3 + 5 + 7 + 9 = 27. Zidisha jumla hii ya pili kwa 3, upate 81. Sasa 26 + 81 = 107. Tarakimu ya uhakiki ni ile inayohitajika ili jumla igawanyike kwa 10 bila baki. Kutoka 107 hadi 110 zinahitajika 3. Kwa hiyo namba kamili ni 6201234567893.

Je, kwa nini tuzidishe kwa 3? Kwa sababu 3 na 10 hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, jumla hubadilika kwa tofauti iliyopo au kwa mara tatu ya tofauti hiyo, na tofauti ya tarakimu mbili ambayo ni kati ya 1 na 9, hata ikizidishwa kwa 3, haiwezi kugawanyika kwa 10. Kosa la tarakimu moja, basi, hugunduliwa daima. Tungezidisha kwa 2 au kwa 5, makosa mengine yangepenya. Kuna udhaifu pia, na mwanafunzi aachwe autafute mwenyewe: tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, kosa hugunduliwa isipokuwa tofauti yake iwe 5, kama vile 1 na 6 au 2 na 7. Kati ya jozi 90 za tarakimu mbili zisizofanana, jozi 80 hukamatwa na 10 huponyoka. Hilo ni zoezi ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kulithibitisha kwa mkono wake, na atakapolimaliza atakuwa amegusa hisabati halisi inayotumika duniani kote kila siku.

Alama iliyochanika bado inasema

Msimbomilia hugundua kosa, lakini hauwezi kulisahihisha. Mashine ikishindwa kuusoma, muuzaji huchapa namba kwa vidole. Msimbo wa QR umeendelea mbele zaidi. Ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani, katika kampuni ya Denso, na kikundi kilichoongozwa na Masahiro Hara, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ni mraba wa visanduku vyeusi na vyeupe: mdogo kabisa una visanduku 21 kwa 21, na mkubwa kabisa 177 kwa 177, nao huo mkubwa waweza kubeba hadi tarakimu 7,089. Miraba mitatu ya pembeni huiwezesha simu kutambua msimbo ulipo na umeelekea wapi. Ukipitisha mstari katikati ya mraba mmojawapo, utakutana na cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, cheusi kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Uwiano huo ulichaguliwa baada ya kuchunguza maandishi ya kila namna, kwa sababu ni nadra kutokea kwenye karatasi kwa bahati.

La ajabu zaidi ni kwamba msimbo wa QR ukichafuka au kuchanika bado husomeka. Kwa kiwango cha juu cha ulinzi, hadi asilimia 30 hivi ya maneno yake yaweza kuharibika na habari yote ikapatikana. Siri yake ni kanuni iliyotolewa mwaka 1960 na Irving Reed na Gustave Solomon, na msingi wake waweza kuelezwa kwa grafu ya mstari mnyoofu.

Tuseme tunataka kutuma namba mbili, 3 na 2. Tuzifanye kuwa mstari y = 2x + 3, kisha tutume thamani za y pale x inapokuwa 0, 1, 2 na 3, yaani 3, 5, 7 na 9. Tumetuma namba nne mahali pa mbili. Mvua ikifuta mbili zozote, zinazobaki ni nukta mbili, na nukta mbili zinatosha kuuchora tena mstari ule ule. Sasa tuseme hakuna iliyofutika, lakini moja imesomwa vibaya, ikawa 3, 5, 8, 9. Mwanafunzi akizichora ataona kuwa nukta tatu zimelala kwenye mstari mmoja na ya nne imejitenga. Ameligundua kosa, na amejua pia kwamba 8 ilikuwa 7. Msimbo wa QR hutumia milinganyo ya daraja la juu zaidi na hesabu ya namna ya pekee, lakini wazo ni hilo hilo: ongeza ushahidi wa ziada, ili kilichosalia kikishuhudie kilichopotea.

Kosa na hila ni vitu viwili

Hapa nafika kwenye jambo linalonipa wasiwasi mkubwa kuliko mengine. Hisabati niliyoieleza hulinda dhidi ya kosa, kama vile vumbi, mchaniko, wino uliofifia au mkono uliotetemeka. Haitulindi dhidi ya hila. Mtu yeyote mwenye kompyuta na mashine ya kuchapia anaweza kutoa msimbo ambao hesabu yake ni kamilifu na habari zake ni za uongo. Mashine itausoma bila wasiwasi.

Angalia tunavyotumia misimbo hii leo. Risiti za mashine za EFD zina msimbo wa QR. Tangu Januari 2019, vinywaji vikali, bia na sigara vimekuwa vikibandikwa stempu za kodi za kielektroniki. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kiwango kimoja cha taifa cha msimbo wa QR kwa ajili ya malipo, TANQR. Mfumo wa uhakiki hupata nguvu zake kutokana na daftari lililoko upande wa pili: namba iliyomo katika alama hupelekwa huko, nalo hujibu kama inatambulika. Alama peke yake haithibitishi kitu. Mwananchi anayeamini kwamba risiti ni halali kwa kuwa ina mraba wenye vijisanduku, au anayelipa kwa msimbo uliobandikwa mezani bila kusoma jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu, ameikabidhi akili yake kwa wino. Tapeli hahitaji elimu kubwa ya kompyuta kumwibia. Kipande cha karatasi na gundi vinatosha.

Upande wa pili wa jambo hili ni faida tunayoweza kuipata. Watu wa mwambao wa Ghuba ya Speke ni wakulima na wavuvi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania baada ya kuwapo habari za matumizi ya sumu katika uvuvi. Mvuvi mwaminifu aliadhibiwa pamoja na mharibifu, kwani mnunuzi wa mbali alilijua ziwa tu, wala hakuwa na njia ya kumtofautisha mmoja na mwingine. Sanduku lenye alama inayotaja mwalo, tarehe na mnunuzi wa kwanza, pamoja na daftari la kweli nyuma yake, humwezesha mkaguzi kuukamata mzigo mmoja mbovu na kuiacha mingine ipite. Lakini daftari hilo halitakuwa la kweli ikiwa anayelijaza pale mwaloni hajui kwa nini kila namba inatakiwa. Mtu huyo, kwa miaka ijayo, ni kijana aliye darasani leo.

Kivuli si wazo

Yatupasa pia kuwa wakweli kuhusu mipaka ya alama hizi shuleni kwenyewe. Mashine husoma mahali kivuli kilipo. Haijui kama kimewekwa kwa kufikiri, kwa kubahatisha au kwa kuchungulia. Mtihani wa maswali 40 yenye majibu matano kila moja humpa mwenye kubahatisha wastani wa maswali 8 sahihi kabla hajasoma neno lolote. Mwaka 2012 hata hisabati ilifanywa kuwa ya kuchagua jibu, na walimu wengi walilalamika, kwa haki, kwamba njia ya kufikia jibu ilikuwa imepoteza thamani. Baadaye muundo ulibadilishwa, na maswali machache ya kuandika majibu kwa kalamu yakaongezwa. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, na ingefaa iendelezwe.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alieleza katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa yanapotakiwa, na kwamba haikupima uwezo wa kufikiri. Mashine haikuleta tatizo hilo, ililikuta. Hata hivyo, inaweza kulikuza, kwa kuwa kilicho rahisi kusahihishwa huwa rahisi kutungwa, na kilicho rahisi kutungwa ndicho hatimaye kinachofundishwa. Mashine ipewe kazi inayoiweza, yaani kuhesabu kwa haraka na bila upendeleo. Binadamu asome yale ambayo ni binadamu tu anayeweza kuyasoma.

Wanaosema haiwezekani

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza watasema muhtasari umejaa. Nami nasema hakuna somo jipya linaloombwa hapa. Tarakimu ya uhakiki ni mfano wa kugawanya na baki. Mstari wa nukta nne ni mfano wa grafu. Grafaiti ni mfano wa kipitishi kisicho metali. Mifano hii itachukua nafasi ya mingine mikavu iliyomo vitabuni.

Wa pili watasema shule za vijijini hazina kompyuta. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza na karatasi. Historia yetu wenyewe inatufundisha. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta aina ya ICT 1500, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Chombo kilikuja kabla ya maarifa, na taifa likakiogopa kwa miaka mingi. Tusiyarudie hayo kwa kugawa vyombo vipya kwa watu wasioelezwa vinavyofanya kazi.

Wa tatu watasema karatasi imepitwa na wakati: Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Ni kweli. Lakini kanuni ya Reed na Solomon iliyomo katika msimbo wa QR imetumika pia katika diski za muziki na katika mawasiliano na vyombo vilivyotumwa kwenye sayari za mbali. Chombo hubadilika, kanuni hudumu. Tena kishikwambi cha mwalimu, chaji ikiwapo, kinaweza kutumika kuhakiki kile ambacho wanafunzi wamekwisha kukokotoa kwa mkono.

Napendekeza mambo manne ambayo shule yoyote inaweza kuyaanza muhula huu. Kwanza, wanafunzi wakusanye paketi tupu kutoka madukani, wakokotoe tarakimu ya uhakiki ya kila moja, na kuorodhesha zinazoanza na 620, 616 na nyinginezo. Pili, wachukue betri, balbu ndogo na kiini cha penseli, wajionee wenyewe umeme ukipita. Kisha warefushe njia ndani ya kiini na kueleza kwa nini mwanga unafifia. Tatu, mwalimu mwenye darasa kubwa atoboe matundu katika kadi ya manila mahali palipo na majibu sahihi, aiweke juu ya karatasi ya mwanafunzi, ahesabu vivuli vinavyoonekana, na aitoe kadi ili aone kama kuna swali lililowekewa vivuli viwili. Atakuwa ametengeneza mashine ya kusahihishia kwa gharama ya karatasi moja. Nne, wanafunzi wabuni fomu yao wenyewe, mathalani ya mahudhurio au ya mavuno ya shamba la shule, yenye tarakimu ya uhakiki kwa kila namba ya mwanafunzi, wapitishe makosa ya makusudi, na wahesabu ni mangapi yaliyokamatwa.

Kwa upande wa Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu Tanzania, ombi langu ni dogo. Fomu inayotumwa shuleni iandamane na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili chepesi, unaosema mashine inaona nini, haioni nini, na hufanya nini inapokuta utata. Ukurasa huo usomwe darasani miezi kadhaa kabla ya mtihani. Mtoto ana haki ya kumjua msahihishaji wake, hata akiwa wa chuma.

Tunapowaambia vijana wetu kwamba sayansi iko mbali, katika maabara za miji mikubwa na nchi za nje, tunawaambia jambo lisilo la kweli. Sehemu yake imechapwa kwenye paketi ya chumvi. Ndugu mwalimu, kesho ingia darasani na paketi moja tupu, ziandike ubaoni zile tarakimu 12 za mwanzo, uifunike ya mwisho kwa kidole, na uwaulize wanafunzi wako ni ngapi.